Salamu Zimefika

Mume wangu hakujulikana kwa uso. Ungeweza kutembea naye mtaa wetu wa Malakia wote, duka hadi duka, asigeuke hata mtu mmoja, mpaka afungue kinywa aulize bei ya nyanya. Hapo basi! Muuzaji angeacha nyanya zake, ashike kiuno, aseme, "Wee! Si wewe yule wa salamu?" Kabla sijavuta pumzi tumeshazungukwa. Huyu anataka asalimiwe shangazi yake aliye Yei, yule analalamika kwamba jana simu ya redio haikushika, na mimi nimesimama hapo na kikapu changu kama mtumishi wa bwana mkubwa. Nilikuwa namfinya mkono na kumnong'oneza, "Funga mdomo tununue twende." Hakufunga hata siku moja.

Alikuwa mtangazaji wa redio moja pale mjini Juba. Mwanahabari kamili, msinielewe vibaya. Alisoma taarifa, alihoji wakubwa mpaka wakatokwa jasho. Lakini kilichompa jina ni kipindi cha salamu kilichofuata taarifa ya asubuhi. Uhuru ulikuwa mchanga, na watu walikuwa wanarudi kutoka kila pembe, wengine Khartoum, wengine Kampala, wengine kambini Kenya kama sisi, na nusu yao hawakujua ndugu zao wako wapi. Kwa hiyo salamu hazikuwa mchezo. Mama alipiga simu akamsalimia mwanawe aliyepotea tangu vita vya zamani, na baada ya siku kadhaa mwana naye akapiga. Nimewahi kuona fundi mzima wa pikipiki akilia barabarani huku redio yake ya mfukoni ikiongea.

Kila salamu aliifunga kwa swali moja. "Zimefika?" Na aliyepiga simu alipaswa kuitika kwa nguvu, "Zimefika!" Watoto wa mtaani kwetu waliimba hivyo wakicheza mpira. Yeye mwenyewe ilikuwa imemwingia damuni. Akilala mchana Jumapili baada ya kanisa, mimi nilikuwa naacha cherehani yangu barazani, namwendea polepole, namwuliza sikioni, "Zimefika?" Naye hapo hapo, macho yamefumba, mate yanamtoka, anajibu kwa ile sauti nene ya redioni, "Zimefika!" Nilicheka mpaka mbavu ziniume.

Swali hilo hakulibuni. Alilitoa kisiwani kwa mama yake.

Kisiwa chenyewe kiko katikati ya mto, unakiona ukisimama ukingoni upande wetu. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa mboga, hasa kudra, ile mboga ya majani ambayo sisi tuliolelewa Kenya tungeiita mrenda. Kila asubuhi wanawake walivuka na magunia kuja kuuza mjini. Na kisiwani hushuki hivi hivi kama unayeshuka kwenye boda boda. Mtumbwi unasimama mbali kidogo na ukingo. Mmoja wenu, yule ambaye hapo ni kwao, anasimama na kupaza sauti. Anajitaja, anamtaja baba yake, anaitaja nyumba ya mama yake. Aliye ukingoni anamjibu, kisha anauliza kwa lugha yao, "Mmefika?" Na wote mlio mtumbwini mnaitika pamoja, "Tumefika!" Asiyeitika anarudi alikotoka. Mara ya kwanza mume wangu aliponipeleka huko nilikuwa na kichefuchefu cha maji, sikuitika, na haki ya Mungu walinirudisha katikati ya mto mpaka nikaitika.

Kwa upande wa baba mambo yalikuwa mengine. Baba yake alikuwa askari aliyetoka mbali, kwa watu wa ng'ombe wa huko kaskazini kwenye mabwawa, akamwoa binti wa kisiwani akiwa kazini Juba. Alikufa vitani kabla hajamwona mtoto wake akisimama. Kitu alichomwachia ni urefu. Mume wangu alikuwa anainama kwenye kila mlango wa Malakia. Lugha ya baba yake alijua maneno machache tu, ya kusalimia. Lakini kila akisimama mtumbwini alimtaja baba yule kwa sauti ya juu kabisa, jina na ukoo, kama anayemwita ng'ambo ya mto.

Balaa lilianza na vijiti. Kulikuwa na mwanamke mmoja mkubwa wa umri kati ya wale wanaovuka na mboga, mimi nilimwita mama wa kudra, na alizoea kupumzikia barazani kwangu akishauza. Asubuhi moja nikasikia sauti yake redioni. Alisema, "Nawasalimu waheshimiwa waliokuja juzi kwenye shamba langu wakapanda vijiti vyenye rangi nyekundu. Sisi hapa hupanda kudra. Waambie vijiti vyao nimevimwagilia maji lakini havioti."

Mji mzima ulicheka. Mume wangu naye badala ya kucheka na kuyaacha, akauliza hewani waheshimiwa hao ni akina nani, na nani amewapa ruhusa kupima ardhi ya kisiwa. Ala! Siku zilizofuata salamu zote zikawa za vijiti. Watu wa kisiwani walipiga simu wakavisalimu vijiti, wakauliza hali ya vijiti. Mimi niliacha kucheka mapema. Nilijua mtu anayeweza kutuma watu na rangi nyekundu na kamba za kupimia, mchana kweupe, si mtu wa kutaniwa.

Ndipo kisiwa kikaja nyumbani kwangu. Walikuwa wanawake wa mboga na wazee kadhaa, wakajaa baraza lote, wakakalia hata vitambaa vya wateja. Kaunti ilitaka mwakilishi mmoja kutoka kisiwani akae kwenye baraza lake la utawala, na wao walimtaka mume wangu. Nilipika chai, nikawagawia. Walipoondoka nikamgeukia.

"Hapana," nikamwambia. "Ng'o. Usinieleze kitu."

"Sijasema neno."

"Uso wako umesema."

"Kila siku napeleka salamu za watu," akasema. "Mara hii wameniomba nipeleke zao mwenyewe, kwa miguu."

"Peleka kwa redio. Sauti haipigwi risasi. Hakuna anayeujua uso wako na huo ndio ulinzi wetu, unanisikia? Ukisimama juu ya jukwaa na hiyo miguu ya twiga, hata kipofu atakuona."

Akacheka. Akanishika mabega akaniita mwoga. Nikamwambia ndiyo, mimi ni mwoga, nimekulia kambini, huko waoga ndio waliokua.

Aliyeshindana naye alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu mnene mwenye kofia ya majani, mzaliwa wa kisiwani baba na mama. Alikuwa ameishi Uganda miaka mingi wakati wa vita na alirudi na Kiswahili cha huko. Sisi wawili, na Kiswahili chetu cha Kenya tulichokiona ndicho chenyewe, tulikuwa tunamcheka jioni tukila. Mume wangu alikuwa fundi wa kuigiza. Alitoa tumbo mbele, akashusha sauti, akasema, "Mimi iko taka kiti. Mimi iko na samaki, mimi iko na watu." Nilicheka sana na nikamwambia asije akafanya hivyo nje.

Akafanya nje. Mkutanoni kisiwani, mfanyabiashara yule alikuwa amemwita kasuku wa redio, mtoto wa binti, mgeni ambaye ukoo wa baba yake hakuna anayeweza kuutamka. Mume wangu akasimama, akashika kipaza sauti, akasema kwa ile sauti ya kuigiza, "Mimi iko kasuku." Waliokijua Kiswahili walianguka chini kwa kicheko, na wasiokijua wakawafuata. Mimi nilikuwa namtazama yule mnene. Hakukasirika. Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nilitamani angetukana tu.

Vitisho vilikuja kwa mlango ambao sikuufikiria. Simu zisizo na maneno nilishazizoea, mtu anapumua halafu anakata. Gari lililoegeshwa mbele ya duka la jirani na injini inanguruma, hilo pia nililizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Lakini asubuhi moja nilikuwa barazani nashona sare za shule, redio iko kando ya mkasi, na mume wangu akapokea simu hewani. Mwanaume, sauti ya upole, ya adabu. Akasema, "Naomba salamu zangu zimfikie mke wako, fundi, anayekaa barazani saa hii na kitambaa cha bluu. Mwambie ile leso ya njano kichwani imempendeza. Mwambie ajihadhari na sindano."

Nilikuwa na kitambaa cha bluu mkononi. Nilikuwa na leso ya njano kichwani. Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga cherehani, ulikataa kusimama, sindano ikaendelea kupanda na kushuka palepale mpaka uzi ukafanya fundo. Barabarani watu walikuwa wanapita kama kawaida, mwenye boda boda, mwenye karanga, na kila mmoja wao nikamwona ana simu. Na redioni nikamsikia mume wangu. Alinyamaza kidogo, jambo ambalo halikuwahi kutokea, halafu ule mdomo wake ukajibu wenyewe kwa mazoea.

"Zimefika?"

"Zimefika," akasema yule mtu, akakata.

Alipokuja nyumbani nilimpiga. Nasema ukweli, nilimpiga na rula ya mbao mabegani. Nililia nikamwambia angemtukana, angekata simu, angesema lolote, si kumuuliza kama salamu zake za kuniua zimefika. Alikaa chini akashika kichwa. Akasema, "Sikukusudia. Ilinitoka. Mtu akisalimia mimi naitika, hata sijui naitika." Wiki hiyo aliacha kipindi kwa sababu mgombea hakuruhusiwa kutangaza, na nilidhani ujinga huo umeishia studio.

Siku ya uchaguzi hapakuwa na masanduku ya kura kule. Watu walipanga mstari nyuma ya mtu wao, ile milolongo tuliyosimuliwa Kenya. Nyuma ya mfanyabiashara wa samaki walipanga wanaume wenye mitumbwi. Nyuma ya mume wangu walipanga wanawake wa mboga, na watu wa mboga ni wengi kuliko watu wa samaki. Mstari ulipinda ukazunguka kanisa. Alipotangazwa alisimama juu ya mtumbwi uliofudikizwa, akapaza sauti, akamtaja baba yake, akamtaja mama yake, akauliza, "Tumefika?" Wanawake wakaitika, "Tumefika!" Akauliza tena, wakaitika tena, na sauti ikapita juu ya maji ikagonga ng'ambo. Mama wa kudra alinikumbatia akanizungusha. Nilikuwa nacheka na meno yananigongana. Kila mtu sasa alikuwa anaujua uso wake, na picha yake ilikuwa imebandikwa hata kwenye mti wa kivukoni.

Tulimpa kiti jina la "kiti cha baada ya Krismasi", kwa kuwa ndipo angeapishwa. Krismasi haikufika kwetu.

Risasi zilianza upande wa kambi za jeshi, Desemba ile, na kulipopambazuka zilikuwa zimeingia mitaani. Tulilala sakafuni chini ya meza ya kukatia vitambaa, yeye amejikunja kama panzi, maana meza haikumtosha. Vita vya wakubwa vilikuwa vimegeuka vita vya koo kwa muda mfupi kuliko ninavyoweza kueleza. Na upande aliotoka baba yake, ule ukoo aliokuwa anautaja kwa kelele juu ya maji, ndio uliokuwa unatafutwa Juba siku zile nyumba kwa nyumba.

Jirani yetu Mganda, mwenye duka la unga, alitupitishia habari kwenye tundu la ukuta. Alisema askari wanasimamisha wanaume barabarani na kuwasalimia. Wanatoa salamu kwa lugha ya ukoo ule, kwa upole tu, na wanatazama nani anaitika. Anayeitika harudi nyumbani. Walikuwa wanaua watu kwa salamu.

Nilimtazama mume wangu chini ya meza. Hakuna haja ya kueleza niliwaza nini. Huyu mtu huitika hata akiwa amelala.

Barabara ya kwenda kambi ya Umoja wa Mataifa, walikokimbilia wengi, ilikuwa imefungwa kwetu na vizuizi. Siku ya tatu milio ilipungua mchana, na mama wa kudra akagonga lango. Sijui alipitaje. Alikuwa na wenzake na mkokoteni wenye magunia ya mboga iliyoanza kunyauka, kwa sababu walikwama mjini vita vilipoanza na soko halikufunguliwa. Wanarudi kisiwani, akasema. Akayatazama magunia, akamtazama mume wangu, akatazama magunia tena.

"Atakunjika?" akaniuliza.

"Atakunjika," nikasema.

Kabla hajaingia mkokotenini nilimshika uso kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Maisha yangu yote nimekuomba ufunge mdomo, ukanifanya mzaha. Leo ufunge. Wakisalimia, ufunge. Wakikukanyaga, ufunge. Hata ukisikia nauawa mimi, ufunge."

"Nikifunga hivyo nitafungua lini?" akasema, na alikuwa anajaribu kutabasamu.

Tulimtia guniani tukamfunika kwa kudra. Kutoka Malakia hadi mtoni si mbali. Tulipita vitu barabarani ambavyo sikuvitazama. Kwenye kizuizi kimoja askari alichukua fungu la kudra juu kabisa, akalinusa, akalitupa, akatuashiria tupite. Wanawake walikuwa wanazungumza habari za mboga bila kupumzika, bei, wadudu, mvua, nami nikaitikia bila kujua ninaitikia nini. Mtoni tulihamisha magunia mtumbwini, yeye akiwa ndani ya mojawapo, wawili tukimbeba kama mzigo, na wanawake wakashika makasia.

Katikati ya mto nilianza kupumua. Kisiwani, niliwaza, kisiwani ni kwao. Kisha ukingo ukakaribia na nikaona kofia za askari.

Walikuwa wamesimama pale pale chini ya mti wenye picha yake, na picha ilikuwa imechanwa nusu. Na kando yao, kofia ya majani kichwani na fimbo mkononi, alisimama mfanyabiashara wa samaki. Walimweka hapo kwa sababu alijua watu na alijua lugha. Yeye ndiye angeuliza. Nilisikia mkojo ukinitoka. Sikuona haya, nilijua tu kwamba miguu imekuwa ya joto.

Mtumbwi ulisimama mbali kidogo, kama desturi. Mama wa kudra akainuka. Alijitaja, akamtaja baba yake, akaitaja nyumba ya mama yake, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. Mfanyabiashara wa samaki akamjibu. Kisha akauliza kwa lugha ya kisiwa, kivivu, huku anatazama pembeni.

"Mmefika?"

"Tumefika!"

Ilitoka ndani ya magunia. Ilitoka kabla yetu sote, nene, safi, ile ile ya saa ya salamu. Nadhani ilisikika mpaka kanisani.

Kwa muda wa pumzi moja niliweza kumwona kasisi akinizika. Halafu mama wa kudra akapiga makofi na kupaza sauti, "Tumefika!" na wanawake wote wakaidaka, "Tumefika! Tumefika!" wakapiga makasia kwenye ubavu wa mtumbwi, wakapiga vigelegele, kelele zile zile za siku ya milolongo. Nami nilipiga kelele mpaka koo likapasuka. Askari mmoja alipiga risasi juu ndipo tukanyamaza.

Alimuuliza mfanyabiashara wa samaki kwa Kiarabu, "Humo kuna mwanaume?"

Yule mnene alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini, akaja upande wangu. Aliweka fimbo yake juu ya gunia. Juu ya lile lile gunia. Kisha akaongea nami kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu alijua wale askari hawakijui, na mimi ninakijua.

"Mama," akasema, "mboga yako iko naongea."

Nilishika ubavu wa mtumbwi.

"Hii sauti mimi iko najua. Kila asubuhi mimi iko sikia. Hii sauti iko cheka Kiswahili yangu."

"Ndiyo, mzee," nikasema.

"Sasa iko cheka?"

"Haicheki, mzee."

Aliibonyeza fimbo kidogo. Gunia halikutikisika. Nilimwona mama wa kudra akikaza mkono kwenye kasia lake.

"Kiti ile ya kaunti. Mimi iko chukua."

"Chukua, mzee. Ni chako."

"Na hii sauti," akasema, na hapo akainama karibu kabisa, nikasikia harufu ya samaki na ya tumbaku, "mimi hapana taka sikia tena. Hapana redio. Hapana soko. Hapana popote. Mimi nikisikia, mimi nasema kwa hawa watu. Wewe naapa?"

"Naapa."

"Wewe naapa kwa yeye?"

"Naapa kwa niaba yake, mzee. Hutaisikia tena."

Akanitazama. Macho yake hayakuwa na chuki, wala hayakuwa na huruma, yalikuwa ya mtu anayefunga biashara. Akainuka, akawageukia askari, akasema kwa Kiarabu kwamba hawa ni wanawake wa kudra, wana kelele tangu kuzaliwa, na mboga yao inaoza waiondoe hapo. Askari wakacheka. Tukashuka na magunia yetu.

Tulikivuka kisiwa kwa miguu, tukapata mtumbwi mwingine wa kwenda ukingo wa mashariki, na kutoka huko tukaifuata njia ya Nimule pamoja na maelfu ya wengine, hadi Uganda, hadi Kitale nilikomalizia utoto baada ya kambi. Mama wa kudra alitusindikiza mpaka majini. Alimshika mume wangu mkono akamwambia kwaheri, naye akafungua kinywa, akakifunga, akatikisa kichwa. Nilidhani ni uchovu.

Nasikia yule wa samaki alikaa kwenye kiti kile. Nasikia pia kuwa vijiti vyekundu vilipandwa tena, na kuwa mama wa kudra bado analima upande ambao havijafika. Sina la kumwambia mtu yule. Siwezi kumshukuru na siwezi kumlaani, nimejaribu yote mawili.

Hapa Kitale mume wangu ananikatia vitambaa, mimi nashona. Nyumbani anaongea, maneno ya kutosha kuishi, kwa sauti ndogo ambayo siifahamu. Mwanzoni nilimbembeleza, baadaye niligomba. "Nani atakusikia hapa? Yule mtu yuko ng'ambo ya mpaka! Mimi ndiye niliyeapa, dhambi iwe yangu, wewe ongea!" Ananisikiliza mpaka nimalize, kisha anarudi kwenye mkasi. Sokoni ananyoosha kidole. Ananyooshea nyanya, ananyooshea sukuma, na mimi nyuma yake ndiye ninayeuliza bei. Juzi muuzaji mmoja, mama mwema, aliniinamia akaniuliza kwa huruma kama mume wangu alizaliwa bubu.

Jumapili baada ya kanisa bado hulala mchana. Wakati mwingine naacha cherehani, namwendea polepole, nainama sikioni pake kama zamani. "Zimefika?" namwuliza. Amelala fofofo, kifua kinapanda na kushuka. Anakaza midomo.